Nani Anapiga Hilo Gitaa? Matini, Jina na Ufutaji katika Santuri za Roki

1.0 Utangulizi

Katika semina moja ya nadharia za uhakiki nilisimama mbele ya wenzangu na karatasi ya kurasa sita juu ya uhusiano wa msanii na kazi yake. Mfano wangu mkuu haukuwa riwaya wala shairi. Ulikuwa wimbo wa kundi la The Beatles la Uingereza, "While My Guitar Gently Weeps", uliotoka Novemba 1968. Hoja yangu ilikuwa hivi: George Harrison ndiye aliyeutunga, ndiye aliyeuimba, na gitaa la solo linalolia ndani yake ni nafsi yake mwenyewe, nafsi ya mtu aliyefunikwa na watunzi wawili wakubwa wa kundi lile, yaani John Lennon na Paul McCartney. Niliandika kwa kujiamini kabisa kwamba tunapolisikia gitaa hilo tunamsikia Harrison akilia. Wenzangu wakapiga makofi. Mwalimu akasubiri kimya kirudi, kisha akaniuliza taratibu:

"Ndugu, nani anapiga hilo gitaa?"

"Harrison, Mwalimu."

"Una hakika?"

Sikuwa na hakika. Kumbe anayepiga ni Eric Clapton, ambaye hakuwa hata mwanachama wa kundi. Aliingia studio tarehe 6 Septemba 1968 kwa mwaliko wa Harrison, akapiga, akaondoka, na jina lake halikuandikwa kwenye jalada. Semina nzima ikaangua kicheko, nami nikakaa chini nikiwa mdogo kama piriton.

Makala haya yametokana na aibu ile. Lengo lake ni kueleza jinsi sehemu za gitaa zilivyoondolewa au kubadilishwa katika rekodi za makundi makubwa ya roki, na kuonyesha kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi wanafunzi wa fasihi. Ndugu msomaji asije akadhani kwamba nimehama idara. Swali la nani anapiga gitaa ni swali letu la siku zote: nani anasema katika matini, tunasoma toleo gani, na nani ameondolewa bila sisi kuambiwa?

2.0 Studio inavyofanya kazi

Ili tuelewane, tuanze na ufundi wenyewe. Zamani wanamuziki walisimama pamoja mbele ya kipaza sauti, wakapiga wimbo wote kwa mkupuo mmoja. Mmoja akikosea, wote wanaanza upya. Rekodi ya namna hiyo haina mahali pa kuingiza kisu, maana sauti zote zimeungana kama maji na sukari.

Mambo yalibadilika ilipokuja kanda ya njia nyingi. Hii ni kanda pana ambayo upana wake umegawanywa katika njia zinazokwenda sambamba. Ngoma zinakaa njia moja, besi njia nyingine, gitaa njia yake, na sauti ya mwimbaji yake. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1960 The Beatles walifanya kazi kwa njia nne. Mwaka 1968, katika studio za EMI pale Abbey Road, walianza kutumia njia nane. Katika miaka ya 1970 njia 16 na 24 zikawa jambo la kawaida katika studio kubwa.

Maana yake nini? Chukua mfano wa shairi ambalo kila mshororo umeandikwa kwenye kijikaratasi chake. Unaweza kuchomoa mshororo wa tatu, ukamwita mtu mwingine aandike mwingine wenye mizani ile ile, ukaupachika, na msomaji asijue kitu. Ndivyo ilivyo kwa gitaa. Unaweza kulifuta kwenye njia yake na kurekodi lingine juu yake, huku ngoma na sauti ya mwimbaji zikibaki zilivyokuwa.

Tena si lazima ufute. Baada ya kurekodi huja hatua ya kuchanganya sauti, ambapo mtayarishaji na fundi mitambo huamua kipi kisikike kwa nguvu na kipi kwa chini. Mfano unaojulikana sana ni albamu ya Metallica ya mwaka 1988, "...And Justice for All". Gitaa la besi la Jason Newsted lilirekodiwa, lipo, lakini limeshushwa kiasi kwamba karibu halisikiki. Albamu hiyo ilipotolewa tena mwaka 2018, mchanganyo uliachwa ulivyokuwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuondolewa kwenye kazi huku bado yumo ndani yake! Wahakiki tunaopenda kuzungumzia ukimya katika matini tungepaswa kuisikiliza albamu hiyo kwa makini.

3.0 Aina tatu za ubadilishaji

Nikiitazama mifano ninayoijua, naona inaangukia katika mafungu matatu. Si mafungu matakatifu, ila yanasaidia kufikiri.

3.1 Mgeni asiyetajwa

Fungu la kwanza ni la Clapton. Harrison alikuwa ameujaribu wimbo ule kwa wiki kadhaa. Kuna rekodi ya Julai 1968 ambamo yuko karibu peke yake na gitaa kavu, nayo ilitolewa mwaka 1996. Mwanzoni mwa Septemba alijaribu kuweka solo iliyochezwa kinyumenyume, yaani kanda inageuzwa ili sauti itoke kuanzia mwisho. Hakuridhika, na jaribio hilo likatupwa. Ndipo akamleta rafiki yake. Harrison mwenyewe alieleza baadaye kwamba wenzake hawakuwa wanauchukulia wimbo kwa uzito, na kuwapo kwa mgeni kuliwafanya wakae sawa. Hata sauti ya gitaa la Clapton ilitikiswa kidogo na mitambo ili ifanane na sauti za The Beatles. Kwa hiyo mgeni alifichwa mara mbili: jina halikuandikwa, na lahaja yake ikabadilishwa.

Muda mfupi baadaye Harrison alilipa deni. Alipiga gitaa katika wimbo "Badge" wa kundi la Clapton, Cream, uliotoka 1969, na kwenye jalada akaandikwa kwa jina la bandia, L'Angelo Misterioso. Sisi wa fasihi tunayajua majina ya bandia. Jina la bandia angalau linakuambia kwamba kuna mtu nyuma ya pazia. Ukimya haukuambii hata hilo.

Hawa walikuwa marafiki, na hakuna aliyeumia. Lakini si kila mara mambo huwa hivyo. Mwaka 1974 Aerosmith walitoa albamu "Get Your Wings", ambayo ndani yake mna wimbo "Train Kept A-Rollin'". Kundi lilikuwa na wapiga magitaa wawili, Joe Perry na Brad Whitford, na vijana walinunua santuri wakijua wanawasikiliza hao. Solo za wimbo ule zilipigwa na watu wa kukodiwa, Steve Hunter na Dick Wagner, bila majina yao kutajwa. Mwaka 1976 Wagner yule yule akaitwa na mtayarishaji Bob Ezrin katika albamu ya Kiss, "Destroyer". Katika wimbo "Sweet Pain" solo ya mpiga gitaa wa kundi, Ace Frehley, iliwekwa kando, ikapachikwa ya Wagner. Jalada halikusema lolote.

Na Kiss hawakuishia hapo. Albamu yao ya 1982, "Creatures of the Night", ilitoka na picha ya Frehley kwenye jalada ingawa hakupiga humo. Waliopiga ni Vinnie Vincent na wengine. Ilipotolewa tena mwaka 1985 jalada likabadilishwa, akawekwa Bruce Kulick, aliyekuwa ameshajiunga na kundi. Huyo naye hakuwa amepiga katika albamu hiyo! Jamani, majalada mawili, sura mbili, na zote mbili si za mpigaji. Anayedai kwamba jina kwenye jalada ni ushahidi wa kutosha wa utunzi atafakari hapo.

3.2 Mtu yule yule, matini mbili

Fungu la pili halina mgeni. Wimbo "Let It Be" wa The Beatles ulirekodiwa kwa msingi wake tarehe 31 Januari 1969. Tarehe 30 Aprili mwaka huo Harrison aliongeza solo ya gitaa. Tarehe 4 Januari 1970 akapiga nyingine juu ya rekodi ile ile. Machi 1970 ikatoka santuri ndogo, iliyotayarishwa na George Martin, ikiwa na solo ya Aprili, laini na ya upole. Mei 1970 ikatoka albamu, iliyochanganywa na Phil Spector, ikiwa na solo ya Januari, kali na yenye makucha. Mwimbaji ni yule yule, piano ni ile ile, mpiga gitaa ni yule yule. Lakini mtu aliyekua na santuri ndogo na mtu aliyekua na albamu wakikutana na kuanza kuimba lile gitaa kwa mdomo, watagombana.

Yupi kati yao ana wimbo wa kweli? Hapa tunakanyaga uwanja wetu wenyewe. Tamthilia ya Shakespeare "King Lear" ilichapishwa mwaka 1608 katika kitabu kidogo, na tena mwaka 1623 katika mkusanyiko mkubwa wa kazi zake. Matini hizo hazilingani. Ile ya 1608 ina mistari kama 300 isiyokuwamo katika ya 1623, na ile ya 1623 ina mistari kama 100 isiyokuwamo katika ya kwanza. Kwa muda mrefu wahariri walizichanganya pamoja, wakatengeneza "King Lear" ambayo haikuwahi kutoka katika chapa yoyote ya zamani. Mwaka 1986 wahariri wa Oxford, wakiongozwa na Stanley Wells na Gary Taylor, waliamua kuzichapa zote mbili, kila moja kivyake.

Mimi naona uamuzi huo unafaa kwa "Let It Be" pia. Hakuna solo ya kweli na ya uongo. Kuna wimbo wenye matini mbili halali, na kazi ya mhakiki ni kusema anazungumzia ipi. Ukiandika kwamba gitaa la "Let It Be" linafariji kama sala, unazungumzia santuri ndogo. Ukisema linapasua utulivu wa piano, unazungumzia albamu. Bila kutaja toleo, hoja zote mbili ni za kubahatisha.

3.3 Kufutwa baada ya kuchapishwa

Fungu la tatu ndilo lililoninyima usingizi. Ozzy Osbourne alitoa albamu mbili, "Blizzard of Ozz" mwaka 1980 na "Diary of a Madman" mwaka 1981. Gitaa lilipigwa na Randy Rhoads, besi na Bob Daisley, ngoma na Lee Kerslake. Albamu ya pili ilipotoka, Daisley na Kerslake hawakuwamo tena kwenye kundi, na jalada likawataja Rudy Sarzo na Tommy Aldridge, ambao hawakupiga humo. Hatua ya kwanza ya kufutwa ilikuwa ya jina.

Hatua ya pili ilikuja miaka 20 baadaye. Kulikuwa na mgogoro wa kisheria juu ya malipo na kutambuliwa kwa Daisley na Kerslake. Mwaka 2002 albamu zote mbili zilitolewa upya, na safari hii besi na ngoma zenyewe zilikuwa zimeondolewa. Robert Trujillo alipiga besi mpya na Mike Bordin ngoma mpya. Gitaa la Rhoads likaachwa. Rhoads alikuwa amekufa katika ajali ya ndege Machi 1982. Kwa hiyo katika CD hizo marehemu anapiga gitaa na watu ambao hakuwahi kurekodi nao, na wale aliokaa nao studio wakijibizana noti kwa noti hawapo.

Mpiga solo hapigi hewani. Anasikiliza besi inakwenda wapi, anaifuata au anaikimbia. Ukiondoa besi ile umeondoa nusu ya mazungumzo na kuacha majibu bila maswali. Ni kama kuchukua tamthilia, ukabakiza maneno ya mhusika mkuu, halafu ukamwajiri mtu aandike upya maneno ya wote anaozungumza nao. Trujillo na Bordin ni wanamuziki hodari, hilo silibishi. Lakini uhodari wao si jibu la swali.

Wapenzi wa albamu zile walilalamika kwa miaka. Mwaka 2011 zilitolewa tena na besi na ngoma za asili zikarudishwa. Hapo katikati, kijana aliyeingia dukani na kununua toleo jipya alijifunza matini tofauti na ile aliyoijua kaka yake, chini ya jina lile lile na mwaka ule ule wa utunzi.

4.0 Pingamizi na majibu

Nilipozungumza na wenzangu juu ya mambo haya, walinipa pingamizi tatu ambazo si za kupuuza.

La kwanza linatoka kwa wale waliokwisha kumsoma Roland Barthes. Eti mwandishi amekufa, maana inatengenezwa na msomaji, basi kujua kama ni Clapton au Harrison ni udaku tu. Nakubali kwamba kosa langu la semina lilikuwa hasa lile ambalo Barthes alitukanya: kuitafsiri kazi kwa kurudi kwenye nafsi ya mtunzi. Lakini tutazame vizuri. Barthes anaianza insha yake kwa kumzungumzia Balzac, na jina la Balzac limebaki kwenye majalada hata baada ya Barthes kumwua. Kifo cha mwandishi ni anasa ya mtu ambaye jina lake lilishaandikwa na malipo yake yalishafika. Wagner na Daisley hawakupata nafasi ya kufa, kwani kwenye jalada hawakuwahi kuzaliwa. Nadharia inayotufundisha tusimwabudu mwandishi isigeuzwe kuwa kisingizio cha kutouliza nani alifanya kazi.

La pili linatoka kwa wenzetu wa fasihi simulizi. Wanasema: ngano hubadilika kila inaposimuliwa, fanani huongeza na kupunguza, na hakuna anayelia. Kwa nini gitaa liwe na utukufu usiobadilika? Pingamizi hili ni zuri. Jibu langu ni kwamba fanani anapobadilisha ngano anasimama mbele yako. Unamwona, unajua leo anasimulia huyu na si bibi yako. Na usimulizi wake haufuti wa jana. Santuri ya 2002 ilifanya kinyume: ilibadilisha tendo bila fanani mpya kukaa mbele ya hadhira, na ikachukua nafasi ya la zamani dukani. Huko si kusimulia upya. Ni kumziba mdomo msimulizi wa kwanza.

La tatu ndilo gumu zaidi: je, kama kilichobadilishwa ni bora? Ezra Pound alikata sehemu kubwa ya rasimu ya T. S. Eliot, na shairi "The Waste Land" lililotoka 1922 ni zao la mkasi ule. Nani angetaka mistari ile irudishwe ndani? Vivyo hivyo, huenda solo ya Wagner inaufaa wimbo kuliko ya Frehley. Ezrin alikuwa na masikio na alikuwa na wajibu wa kuamua. Hapa nakubali kushindwa nusu. Kabla kazi haijatoka iko karakanani, na karakanani watu hukata, hupachika na hugombana. Hayo ni haki yao, mradi fundi alipwe na atajwe. Lakini kazi ikishatoka, sisi tulioipokea tuna hisa ndani yake. Tumeijua kwa moyo, tumeinukuu. Kuibadilisha kimyakimya baada ya hapo ni kubadilisha kumbukumbu za watu bila ruhusa.

Kwamba inawezekana kubadilisha kwa uungwana kumethibitika. Mwaka 2003 ilitoka "Let It Be... Naked", iliyoondoa mapambo ya Spector, lakini ilikuwa na jina lake na jalada lake, na albamu ya 1970 haikuondolewa. Mwaka 2012 Ezrin mwenyewe aliitoa upya "Destroyer" kwa jina la "Destroyer: Resurrected", na humo solo ya Frehley ya "Sweet Pain" ikasikika hatimaye, miaka 36 baada ya kuwekwa kando. Jina jipya lilimwambia msikilizaji wazi kwamba anachoshika si kile cha 1976. Msikilizaji akapata matini mbili na uhuru wa kuchagua. Eliot naye alipata vivyo hivyo: rasimu yake yenye alama za kalamu ya Pound ilichapishwa mwaka 1971, kando ya shairi, si badala yake.

5.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba rekodi ya roki ni matini yenye historia ya uhariri kama kitabu chochote: ina rasimu, ina matoleo, ina wahariri wenye mkasi, na ina waandishi wasiotajwa. Kutokana na hayo napendekeza mambo mawili kwa wenzangu. Kwanza, tunapotumia wimbo kama ushahidi katika uhakiki wetu, tutaje toleo na mwaka wake kama tunavyofanya kwa kitabu. Pili, kabla ya kusema kazi inaeleza nini juu ya msanii, tuulize nani aliifanya, sehemu kwa sehemu, na nani alifaidika na ukimya juu ya jina lake.

Na ile karatasi yangu? Niliiandika upya. Wimbo wa Harrison bado ni mfano wangu mkuu, ila hoja imegeuka. Mtu anatunga wimbo juu ya gitaa linalolia, analijaribu gitaa lake mwenyewe mara kadhaa na hapati kilio anachokitaka, mwisho anamwomba rafiki alie kwa niaba yake. Kwa maoni yangu hadithi hiyo ina uzito kuliko ile niliyoibuni kwanza, na nisingeijua kama Mwalimu asingeniuliza swali lile mbele ya watu.